Jibu: Famasi inalipwaje na NHIF?

Mkuu, umeuliza kwa nini famasi ya kwanza ilikataa cheti chako cha dawa cha NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, Tanzania), ya pili ikakupa dawa bila maneno, na hiyo ya pili hela yake inaipata wapi.

Kwanza, si kila famasi ina mkataba na Mfuko. Isiyo nao haiwezi kukuhudumia hata ukiwa na kadi mbili. Yenye mkataba inahakiki kadi, inakupa dawa, unasaini fomu. Saini hiyo usiitoe kabla ya kuhesabu ulichopewa, maana ndiyo ushahidi wa madai yao.

Madai yanakusanywa na kupelekwa NHIF. Huko wanakagua: dawa imo kwenye orodha? Daktari amesaini? Dozi inaendana na ugonjwa? Kikikosekana kimoja, dai linakatwa na hasara ni ya famasi. Ndiyo maana mfamasia anakurudisha hospitali kwa kosa dogo la mwandiko.

Bei nayo inapangwa na Mfuko, si mwenye duka. Akinunua kwa jumla ghali kuliko bei ya kitita, yaani orodha ya huduma na dawa ambazo Mfuko unalipia na bei zake, atakwambia "dawa imeisha". Sisemi wote, lakini wapo. Ugomvi wa hospitali binafsi na NHIF Machi 2024, kitita kipya kilipoanza, ulihusu bei hizihizi.

Halafu kuna kusubiri. Sheria inataka famasi zilipwe ndani ya siku 60, na msambazaji wa dawa anataka chake mapema zaidi. Duka lenye mtaji mdogo linaona bora mteja wa taslimu.