Modeli ya kalori yenye R mraba 0.99: msimamizi wako yuko sahihi

Mkuu, umesema umetabiri kalori za vyakula kwa rigresheni ya mstari (hesabu inayotafuta namba ya kuzidisha kila kirutubisho ili ukijumlisha upate jibu) ukitumia protini, mafuta na wanga, ukapata R mraba 0.99 (yaani utabiri unalingana na data karibu kabisa), na msimamizi akakwambia hakuna jipya. Nafanya kazi na data za namna hii kwenye unga wa lishe hapa Dodoma. Namuunga mkono.

Angalia namba ambazo modeli imeipa kila kolamu. Bila shaka protini imeangukia karibu na 4, mafuta 9, wanga 4. Hizo ni namba za Atwater, mkemia wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19. Kalori za kwenye majedwali kwa kawaida hazipimwi, zinakokotolewa kwa kuzidisha gramu na namba hizo. Modeli yako imeirudia tu fomula iliyotengeneza jibu. Hata makosa yaliyobaki yana maelezo. Chukua karanga mbichi kwenye jedwali la USDA (wizara ya kilimo ya Marekani): kwa gramu 100, protini 25.8, mafuta 49.2, wanga 16.1. Kwa 4, 9, 4 unapata kama 610, lakini jedwali linasema 567, kwa sababu karanga wameipa namba zake: 3.47, 8.37 na 4.07. Zidisha mwenyewe uone.

Na huo wanga mara nyingi ni mabaki tu: 100 toa maji, protini, mafuta na majivu (madini yanayobaki chakula kikiunguzwa). Ukiziingiza kolamu zote tano pamoja, moja inajulikana tayari kutoka kwa nyingine, na namba za modeli zinakosa maana. Toa moja.

Ushauri wangu: tabiri kitu kilicho ghali kupima kwa kutumia kilicho rahisi. Protini ya mtama au uwele kwa njia ya Kjeldahl (kipimo cha maabara) inataka asidi kali, moto na subira. Zipo mashine zinazomulika nafaka kwa miale ya infraredi, na ndani yake kinachogeuza mwanga kuwa asilimia ya protini ni rigresheni. Hapo ndipo hesabu hii inaokoa hela za watu.

Halafu kuna suala la maji. Mlenda mbichi na ule mkavu unaouzwa soko la Majengo ni jani lilelile, ila kwenye jedwali mkavu unaonekana una kila kitu mara kadhaa. Gawa kila kirutubisho kwa (100 toa maji), zidisha kwa 100, ndipo ulinganishe. Usipofanya hivyo modeli inajifunza ukavu.

Wakati wa kujaribu modeli, maharage mabichi, ya kuchemsha na ya kukaanga yakae upande mmoja: yote kwenye data ya kufundishia modeli, au yote kwenye ya kuijaribia. Ukiyatawanya, modeli inafanya mtihani ambao majibu yake imeshayaona.

Madini ya chuma yaache kwanza. Mboga iliyoanikwa chini hubeba vumbi, na maabara inapima chuma cha udongo pamoja na cha jani. Kolamu zako za protini na mafuta haziwezi kuliona hilo.