Jibu: Kikundi kianze na Shaaban Robert au John Mbiti?

Habari ndugu. Umeuliza kikundi chenu cha usomaji hapo Kisumu kianze na nani, kwa kuwa kila mnapojadili shukrani na maisha ya kiroho, kikao hugeuka mahubiri. Kwanza chunguzeni kama wanachama wana subira na maandishi ya kitaaluma. Kama hawana, anzeni na tawasifu ya Shaaban Robert, aliyefiwa na mkewe Amina na kumtungia shairi la maombolezo. Sisi hapa Nakuru tuliisoma kwa sauti, kidogo kidogo, na watu wakazungumza kutoka moyoni, pengine kwa sababu kila mmoja amewahi kuzika mpendwa wake. Baadaye chukueni mkusanyiko wa sala za Kiafrika aliouchapisha Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, mwaka 1975, mkitangulia na sala za shukrani.