Taima inayoangusha kerneli baada ya moduli kuondolewa

Swali: Habari za kazi, kaka. Ninaandika draiva ya kipima joto kwa Linux 6.6, kama moduli inayopakiwa na kuondolewa kwenye kerneli (kiini cha mfumo). Ina taima ya sekunde 4 inayowekwa upya ndani ya intarapti (ishara ya kifaa inayokatiza prosesa), na pia ndani ya foleni ya kazi (workqueue). Moduli inasoma vizuri. Nikiiondoa kwa rmmod, mashine inaendelea kama sekunde nne hivi, kisha inaanguka. Orodha ya miito inataja call_timer_fn na run_timer_softirq tu, ambazo ni fankisheni za kerneli yenyewe, siku nyingine draiva ya mtandao. Draiva yangu haimo. Nimeweka del_timer, ya kuiondoa taima, kabla ya kfree, ya kuachia kumbukumbu. Nimekosea wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Jina lako halimo kwa sababu ajali inapotokea draiva yako imeshaondoka. Lakini rudi kwenye ujumbe wa ajali, utafute mstari unaoanza na "Modules linked in", uusome mpaka mwisho. Utakuta "last unloaded" na jina la moduli yako. Watu wengi huuruka mstari huo.

Kingine ni zile sekunde nne. Zinalingana na muda wa taima yako, kwa hiyo ninaamini baada ya del_timer kuiondoa, kuna aliyeiweka tena. del_timer huitoa taima kwenye foleni ya kerneli na kurudi papo hapo. Haisubiri fankisheni ya taima inayoendelea kwenye prosesa nyingine, wala haimzuii mtu kuita mod_timer, inayoweka taima upya, sekunde hiyohiyo. Intarapti yako ilikuwa bado hai, na foleni ya kazi pia.

Mtandao unasingiziwa hivi. Muundo wa timer_list, yaani taima yenyewe, umekaa ndani ya muundo wa draiva yako, na kerneli huunganisha taima zinazoiva karibu wakati mmoja kama shanga kwenye uzi: kila moja inashika anwani ya jirani. Ukiita kfree, shanga yako inabaki kwenye uzi lakini kumbukumbu yake imeshagawiwa mwingine. Draiva ya mtandao ikija kuondoa taima yake iliyo jirani, inaandika juu ya kumbukumbu isiyo yake, na yeye ndiye anayekamatwa. Mimi niliwahi kumaliza wiki nzima nikipekua draiva ya kadi ya mtandao isiyo na kosa lolote, kumbe mwenye kosa alikuwa moduli yangu mwenyewe iliyoondolewa dakika moja kabla.

Usirekebishe kabla ya kuthibitisha. Anza na njia isiyodai kukompaili: washa mashine na slub_debug=FZPU kwenye mstari wa kuanzishia kerneli. Kumbukumbu iliyoachiwa itajazwa baiti ya 6b, na ukiona 6b6b6b6b6b6b6b6b kwenye rejista wakati wa ajali, ujue mtu amegusa kitu kilichokwisha kuachiwa. Hiyo inakwambia kosa ni la aina gani, ila haimtaji mkosaji.

Wa kumtaja ni CONFIG_DEBUG_OBJECTS_TIMERS pamoja na CONFIG_DEBUG_OBJECTS_FREE. Kompaili kerneli ya majaribio ukiwa umeziwasha, uianzishe na neno debug_objects. Sasa kerneli haingoji sekunde nne. Palepale kwenye kfree itaandika "ODEBUG: free active", ikifuatiwa na "timer_list", na baada ya neno "hint" itakuja fankisheni ya taima yako kwa jina lake. Kwa kosa la aina hii sijaona chombo kinachonifaa zaidi.

Dawa yenyewe ni timer_shutdown_sync, iliyoingia kwenye Linux 6.2. Inasubiri fankisheni imalize, kisha inaifunga taima moja kwa moja: anayeita mod_timer baada ya hapo hapati kitu. Kwako, ambaye taima inaamsha foleni na foleni inaamsha taima, timer_delete_sync, inayosubiri tu bila kuifunga taima, peke yake haitoshi. Fuata mpangilio huu: free_irq kwanza kuachia intarapti, kisha timer_shutdown_sync, kisha cancel_work_sync kufuta kazi iliyo kwenye foleni, na kfree iwe ya mwisho.

Jihadhari na kufuli. Ukiita timer_shutdown_sync huku umeshika spinlock (kufuli ambayo prosesa huizungukia ikisubiri) ambayo fankisheni ya taima nayo inaitaka, wewe utaisubiri taima na taima itakusubiri wewe. Utajua ukisoma "soft lockup" na namba ya prosesa iliyokwama. CONFIG_PROVE_LOCKING hulikamata kosa hilo mapema, iwashe kwenye kerneli ileile ya majaribio.

Ukishabadilisha, usiridhike na rmmod moja. Shusha muda wa taima hadi milisekunde 10, pakia na uondoe moduli mara elfu moja kwa kitanzi cha shell huku kipima joto kikiendelea kutuma intarapti, kisha tafuta ODEBUG kwenye dmesg, yaani kumbukumbu za ujumbe wa kerneli. Ikitokea hata mara moja, nitumie ujumbe wote pamoja na fankisheni yako ya kuondoa moduli.