Maziwa ya Ganesh na hundi ya Narsinh

Swali lenu la wiki iliyopita liliuliza: je, imani inahitaji miujiza ili isimame? Mimi ni Mhindu wa Dar es Salaam, na tangu nilisome nimekuwa nikikumbuka kijiko kimoja cha chai.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 21 Septemba 1995, nyumbani kwetu Upanga. Nilikuwa na miaka 10. Simu ikalia, akawa baba mdogo anapiga kutoka India, sauti juu: Ganesh anakunywa maziwa! Alfajiri ya siku hiyo, katika hekalu moja kusini mwa Delhi, mtu alikuwa ameweka kijiko cha maziwa kwenye mkonga wa Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, ambaye sisi humwomba kwanza kabla ya kuanza jambo lolote ili atuondolee vikwazo. Maziwa yakatoweka. Habari ikaenda kwa simu kutoka mji hadi mji, na kabla ya siku kuisha watu walikuwa wamepanga foleni nje ya mahekalu India nzima, hadi London, kila mmoja na kikombe chake.

Ganesh wetu alikuwa wa shaba, kimo chake hakizidi kiganja. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Ba, alioga upya, akavaa sari safi, akajaza kijiko mpaka ukingoni. Akakisogeza hadi maziwa yakagusa ncha ya mkonga. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya kigoda, pua yangu karibu na mkono wake. Yalipungua. Taratibu, kama anayenyonya, mpaka nikaiona chuma ya kijiko. Shangazi alikuwa akilia. Ndipo nikaona kitu kingine: chini ya mkonga, juu ya lile tumbo la shaba, palikuwa na uzi mwembamba unaong'aa, umeteremka mpaka kwenye sahani. Nikanyoosha kidole nikasema, "Ba, yamemwagika."

Siku ileile wanasayansi wa serikali ya India walikwenda hekaluni Delhi, wakatia rangi kwenye maziwa, na rangi ikaacha njia yake juu ya jiwe. Walieleza kwamba maziwa yakigusa kitu hujishika nacho, yakavutwa kutoka kwenye kijiko, kisha yakateremka kwa utando mwembamba ambao jicho halikuuona mpaka ulipotiwa rangi. Nayakubali maelezo hayo bila shida yoyote. Uzi wenyewe niliuona.

Lakini Ba alifanya nini? Alichukua kitambaa akamfuta Ganesh tumbo, polepole, kama mama anavyomfuta mtoto baada ya uji. Kisha akajaza kijiko cha pili.

Ilinichukua miaka kuelewa. Ba alikuwa akimwekea Ganesh maziwa kila asubuhi tangu alipoolewa. Alimwamsha, akamwogesha, akampaka sandali, akamwashia taa ya samli, akamwekea chakula kabla ya mtu yeyote nyumbani kuonja. Chakula kile hurudi kwetu kama prasad, yaani chakula kilichobarikiwa, na jirani zetu Waislamu walielewa mara moja tulipowaambia ni tabaruki. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuchungulia kama maziwa yamepungua, na kwa nini achungulie? Mgeni ukimkaribisha huhesabu matonge?

Najua wengi mnaosoma hapa mnauliza kama tunaabudu shaba. Hapana. Murti, yaani sanamu ya ibada, hutengenezwa na fundi, na mpaka hapo ni kazi ya mikono tu. Kisha hufanyiwa ibada iitwayo prana pratishtha, yaani kutiwa pumzi, ambapo Mungu huombwa aje akae humo ili sisi wenye macho ya nyama tupate pa kumtazama. Katika sikukuu ya Ganesh tunamleta wa udongo, tunamhudumia siku chache, kisha tunaagana naye na kumzamisha majini ayeyuke. Asiyejua tofauti ya Mungu na udongo asingethubutu kufanya hivyo. Na wale miungu wengi? Katika Brihadaranyaka Upanishad, mojawapo ya maandiko yetu matakatifu ya kale, mzee mwenye hekima Yajnavalkya anaulizwa miungu ni wangapi. Anajibu 3,306. Anaulizwa tena na tena, naye anashuka: 33, 6, 3, 2, mmoja na nusu. Mwisho anasema mmoja.

Muujiza ambao Ba alipenda kutusimulia haukuwa wa maziwa. Ulikuwa wa hundi. Neno hilo mnalo katika Kiswahili, nalo limetoka kwetu India pamoja na biashara. Narsinh Mehta alikuwa mshairi wa karne ya 15 huko Junagadh, Gujarat, maskini asiye na kitu ila nyimbo za kumsifu mungu Krishna. Mahujaji waliokuwa wakienda Dwarka, mji mtakatifu wa Krishna, walifika mjini na rupia 700, wakiogopa wanyang'anyi njiani. Walimtafuta tajiri wa kupokea fedha na kuwaandikia hundi ya kulipwa kule mbele. Watu wa mji, kwa dhihaka, wakawaelekeza kwa Narsinh. Naye akapokea, akaandika hundi kwa jina la Shamalsha Sheth wa Dwarka, yaani Krishna mwenyewe, akazitumia fedha zote kulisha watu. Mahujaji walipofika Dwarka waliuliza kila duka, wakaambiwa hakuna tajiri wa jina hilo. Walipokwisha kata tamaa, akatokea mfanyabiashara akasema, "Shamalsha ni mimi," akawahesabia mpaka rupia ya mwisho.

Kila aliposimulia, Ba alisimama palepale: fedha zilikuwa zimeshaliwa kabla hundi haijalipwa. Alitaka tulishike hilo. Hundi ni karatasi ya kuaminiana, na Narsinh aliiandika kwa sababu alikuwa akimjua aliyemwandikia.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba kwetu muujiza huja nyuma ya imani, na usipokuja hakuna kinachovunjika. Wakuu wetu wenyewe waliuonea shaka. Patanjali, mwalimu wa kale, katika sutra zake za yoga, yaani mafundisho mafupi, anazitaja nguvu za ajabu kisha anaonya kwamba ni kikwazo kwa anayetafuta utulivu wa ndani. Ramakrishna, kuhani wa hekalu la mungu wa kike Kali huko Dakshineswar, India, kando ya mto Hooghly, alikuwa na kisa cha mtu aliyejitesa kwa miaka mingi mpaka akaweza kuvuka mto kwa miguu juu ya maji. Ndugu yake akamlipa mwenye mtumbwi senti kidogo, akavuka vilevile. Ndiyo maana anayejitangaza kwa maajabu na kukusanya sadaka namwogopa, awe wa dini yangu au ya mwingine. Watu wanamwendea na ugonjwa wao na ada za shule za watoto wao.

Ganesh wa Ba yuko kwangu sasa. Tumbo limelainika kwa kufutwa, hata mshipi aliochongewa hauonekani vizuri. Asubuhi ya leo nimemwekea maziwa, nikakaa naye kidogo, kisha nikayamimina kwenye sufuria ya chai, na watoto wakanywa kabla ya kwenda shule.