Ukipenda Sarafu, Omba Kazi Klabuni

Anayekusanya sarafu peke yake chumbani hufika mahali akakwama. Vitabu anavyo, lenzi anayo, lakini jicho halikomai kwa kutazama sarafu zako tu. Nimo katika shughuli hii tangu utotoni, na mengi ninayoyajua nimeyapata kwa wenzangu wa klabu ya wakusanyaji sarafu.

Ukishajiunga, usikae nyuma kusubiri siku ya mnada. Omba kazi ya kujitolea ambayo wengine wanaikwepa: ukatibu, kupanga viti, au kuorodhesha sarafu alizoacha mwanachama aliyefariki. Hiyo ya mwisho inafundisha kuliko zote. Familia inaleta makopo na bahasha, haijui kilichomo. Mnakaa mezani, mnapima uzito na kipenyo, mnasogeza sumaku. Madini ya fedha hayavutwi na sumaku, kwa hiyo kipande kinachoitwa cha fedha kikiirukia, kimejianika chenyewe. (Kisiporuka pia usishangilie, shaba na risasi nazo hazivutwi.) Utaona sarafu zilizolala miaka mingi kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC zikiwa na utando wa kijani unaonata. Utaona nyingine zimesuguliwa hadi zinang'aa kama sufuria mpya, na hakuna mkusanyaji makini anayezitaka. Ndiyo maana neno la kwanza kwa familia ni hili: msisafishe chochote.

Hapa nina sharti ambalo silegezi. Ukimpimia mtu mali yake kwa kujitolea, usiinunue. Hata akikusihi, hata ukiwa tayari kulipa bei ya haki. Mwelekeze kwa wanunuzi zaidi ya mmoja akalinganishe. Klabu ikishasemwa kwamba watu wake wanajipakulia mali za wajane, imekwisha.

Kazi nyingine ninayoipenda ni meza ya watoto, shuleni au maktaba. Acha albamu ya thamani nyumbani. Beba bakuli la sarafu za kawaida za nchi mbalimbali, wazishike, wazichambue. Mwambie mtoto apitishe ukucha kwenye ukingo, kisha umuulize vile vijino ni vya nini. Wengi watasema ni vya kuzuia isiteleze. Ndipo umweleze kwamba zamani, sarafu zilipokuwa za fedha na dhahabu, wajanja walikwangua kingo, wakabaki na vumbi la madini, na sarafu wakaitumia kwa thamani ile ile. Penye vijino, mkwanguo unaonekana mara moja. Ongeza kwamba Isaac Newton, yule yule wa nguvu za uvutano, aliingia kiwanda cha sarafu cha Uingereza mwaka 1696 na kuwasaka waghushi mpaka mahakamani. Mtoto aliyekuwa anapiga miayo atainua kichwa. Hapo hapo mfundishe kushika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa, isije ikaanguka sakafuni.

Kuhusu fedha za klabu nitasema kidogo tu: sahihi za watu wawili, na hesabu zisomwe mbele ya wote.

Kama hakuna klabu karibu nawe, tafuta wawili wenye hamu kama yako. Meza, taa nzuri na siku isiyobadilika kila mwezi vinatosha kuanzia. Katiba mtaiandika mkishakuwa na jambo la kugombania.