Usifunge dirisha kabla seva haijajibu

Mfumo wangu wa kwanza wa kazini ulikuwa wa chama cha akiba na mikopo. Karani anabonyeza "Ongeza mwanachama", dirisha ibukizi linatokea, anajaza, anabonyeza "Hifadhi", dirisha linajifunga. Nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa nalifunga pale pale kitufe kinapobonyezwa, seva haijasema lolote. Siku moja mtandao ukasuasua. Karani aliingiza watu 12 asubuhi. Mchana akafungua orodha, wamo 4.

Nikarekebisha, nikasubiri jibu. Data zikaendelea kupotea! Kwa fetch, amri ya JavaScript ya kuwasiliana na seva, jibu ni jibu: seva ikirudisha 422 (data hazikubaliki) au hata 500 (seva yenyewe imekwama), fetch haioni kosa. Inalalamika tu pale mawasiliano yenyewe yanapokatika. Kwa hiyo kagua kwanza response.ok, ambayo huwa kweli pale tu seva inapojibu kwamba imefanikiwa, ndipo ufunge. Kukiwa na kosa, liache dirisha wazi na kila kilichoandikwa kibaki, ujumbe ukae kando ya nafasi yenye tatizo. Ukimfutia mtu fomu nzima kwa tarakimu moja ya simu, atakununia, na ana haki.

Halafu kuna wale wanaobonyeza mara tatu wakiona kimya. Zima kitufe mara tu fomu inapotumwa, kiandike "Inahifadhi…", na ukiwashe tena jibu likija, zuri au baya. Msimbo wako usikilize tukio la submit la fomu, si click ya kitufe, maana wengi hutuma kwa Enter. Hata hivyo kinga ya kweli iko kwenye hifadhidata: namba ya mwanachama isikubali kujirudia.

Kilichonichekesha baadaye ni kitufe cha "Ghairi". Kilikuwa kinahifadhi! Kitufe kilichomo ndani ya fomu, usipokitajia aina, kivinjari hukichukulia kuwa cha kutuma. Andika type="button".

Tangu Machi 2022 vivinjari vikubwa vyote vina dialog, elementi ya HTML ya kutengenezea dirisha ibukizi, basi huna sababu ya kujijengea dirisha kwa div, kisanduku cha kawaida cha HTML. Ila method="dialog" kwenye fomu isikudanganye: hufunga dirisha tu, haitumi kitu kwenye seva.

Na ukishafanikiwa kuhifadhi, safisha fomu. Mimi nilisahau, mwanachama aliyefuata akaandikwa kwa simu ya aliyemtangulia.