Dirishani kwa msajili

Nimekaa miaka tisa katika ofisi ya msajili ya chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Wenzangu wa vyuoni wanajua wiki za kabla ya mahafali zinavyokuwa. Saa moja asubuhi sijafungua kufuli, foleni imeshafika ngazini. "Madamu, alama zangu hazionekani." Mhadhiri wa muda hajazileta kwa kuwa hajalipwa muhula mzima. Mimi siwezi kumlipa wala kumlazimisha, ila anayeonekana dirishani ni mimi.

Mwaka mmoja kijana alinipitishia simu chini ya kioo nizungumze na mama yake. Mama alikuwa ameshauza mbuzi wawili kwa ajili ya sherehe, na jina la mwanawe halimo kwenye orodha. Sikuwa na la kumwambia. Tangu siku hiyo, nikishuka tu kwenye teksi karibu na geti, moyo unanienda mbio na viganja vinalowa. Nikadhani malaria. Nilipima mara mbili, hakuna kitu.

Daktari ndiye aliyenishauri niende Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili hapa Kampala. Nilimwomba wa bodaboda anishushe mbali, nisionekane nikiingia. Ndugu zangu, msifanye hivyo. Kwenye benchi la kliniki nilikaa na walimu, askari, na mama mwenye duka. Watu wazima na akili zao, wamechoka tu.

Kazi yangu naipenda, na nilikaribia kuiacha. Kabla hujaandika barua ya kuacha, andika kwanza kinachokuumiza. Kwa wiki mbili niliandika kila lalamiko lililofika dirishani na nani mwenye uwezo wa kulimaliza. Mengi hayakuwa yangu. Nilimpelekea bosi daftari lenyewe, naye akaona. Sasa tunapokezana wawili dirishani, na kila alama iliyokosekana inapelekwa idarani kwa maandishi. Maombi yalinitia nguvu sana, lakini foleni ilihitaji mtu wa pili.

Na likizo chukueni! Sheria ya Ajira ya 2006 inatupa siku saba zenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka. Mimi nilikuwa sijazigusa kwa miaka mitatu, nikiona ndiyo uaminifu.

Wahadhiri wa muda bado wanacheleweshewa malipo. Wakuu mnaosoma hapa, tafadhali anzeni na hao.